Kaka asema niuze kamera ninunue simu, na mlangoni simu haziingii

*Safu ya Mzee wa Studio: maswali ya picha, kamera na riziki yake*

Shikamoo Mzee wa Studio,

Mimi ni msichana wa miaka 26, mkaazi wa Kibokoni, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Napiga picha za harusi, zaidi zile za kina mama: singo, hina, na kupamba, ile sherehe ya wanawake peke yao. Kamera yangu ni Canon 700D niliyoinunua ikiwa imeshatumika, pamoja na lenzi yake ile ya 18-55. Huu mwaka wa nne niko nayo. Imemlipia mdogo wangu ada ya chuo, na sina ubaya nayo.

Sasa sikiliza yaliyonifika. Mwezi uliopita nilipiga harusi moja Majengo. Alasiri, kabla ya kupamba, bibi harusi na dada zake walitaka picha za nje, wamejisitiri vizuri, tukaenda Ngome ya Yesu. Mimi napiga na kamera yangu, na binamu yao aliyekuja kutoka Dubai anapiga na simu, iPhone 16 Pro Max. Usiku ule ule picha zake zimejaa kwenye status za ukoo mzima. Mbingu buluu, nyuso zinang'aa, ukuta wa Ngome waonekana jiwe kwa jiwe. Zangu, nilipozitazama kwenye kioo cha kamera, ama mbingu nzuri na uso mweusi, ama uso mzuri na mbingu nyeupe kama shuka. Nikazisafisha kwenye kompyuta ya jirani, pamoja na zile za kupamba, nikazipeleka baada ya wiki mbili. Mama wa bibi harusi alizipokea, akashukuru, kisha akaniambia kwa upole, "Lakini mwanangu, za Dubai zilikuwa zishatutosha." Nilirudi nyumbani nikalia, sikufichi.

Kaka yangu ana duka la simu Mwembe Tayari. Asema kamera zimepitwa na wakati, niuze hii, niongeze na akiba yangu ya chama, laki moja na elfu sitini, anitafutie iPhone 16 Pro Max au Samsung S25 Ultra kwa bei ya ndugu. Rafiki yangu asema afadhali Pixel. Mwengine ataka ninunue kamera mpya zile zisizo na kioo ndani, ziitwazo mirrorless. Na kwenye kupamba, wewe wajua, simu hazipiti mlangoni, hutiwa kapuni. Mimi huachiwa kwa ajili ya kamera. Nikiwa na simu tu nitaingiaje? Kaka ati nitawazoesha.

Niambie, Mzee wangu. Ipi bora kati ya simu hizo, na je, niuze kamera?

Wako,
Mpigapicha wa Kibokoni

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kakako, kisha tumwache. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Simlaumu, duka lina kodi na kodi haisubiri. Ila mwenye simu za kuuza si wa kuulizwa kama uuze kamera.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara macho yamekwama pale pasipotajwa simu wala kamera: wiki mbili. Picha za Dubai zilifika usiku ule ule, watu wangali na manukato ya harusi kwenye nguo. Zako zilifika bibi harusi yuko kwa mumewe na masufuria yamesharudishwa yalikoazimwa. Mama yule hakukwambia za Dubai ni nzuri kuliko zako. Alikwambia zilikuwa zishawatosha. Mwenye njaa ukimletea biriani kesho yake, atakushukuru vivyo hivyo, kwa upole.

Hata hivyo sitakupaka mafuta. Pale Ngomeni simu ilikushinda kweli, na ni vizuri ujue ilikushinda kwa nini. Ukibonyeza kitufe mara moja, simu za siku hizi hazipigi picha moja. Hupiga kadhaa kwa mfululizo, nyengine zenye giza za kuhifadhi mbingu, nyengine zenye mwanga za kuokoa nyuso, kisha huzichanganya kuwa moja kabla hujashusha mkono. Kamera yako ilipiga moja tu na ikakuachia wewe uamuzi: uso au mbingu. Wewe hukuamua, uliiachia kamera. Siku nyengine usiwasimamishe juani. Upande wa Ngome unaotazama bahari huwa kivulini jioni, jua likiwa limehamia upande wa mjini. Wasimamishe hapo, pimia mwanga usoni, na kama mbingu nyuma yao ni kali, geuka kidogo hadi nyuma yao pawe ukuta. Ukuta ule umesimama pale tangu miaka ya 1590, na huo ndio watu wanaokuja kupiga nao picha. Mbingu iko kila mahali.

Sasa tuingie ndani, maana riziki yako iko ndani.

Nyuma ya lenzi ya kamera yoyote kuna kipande kinachopokea mwanga, mafundi tunakiita sensa. Ya 700D yako ina milimita 22.3 kwa 14.9. Sensa kuu ya hizo simu ghali ni takriban milimita 10 kwa 7.5. Yako ni kubwa kwa zaidi ya mara nne. Basi wapigapicha wa zamani kama mimi tukishataja hayo hufunga mjadala na kuagiza kahawa. Lakini kahawa hiyo tunainywa mapema. Lenzi yako ya 18-55, ukiivuta mpaka mwisho upate uso wa bibi harusi, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6, na namba hiyo ikiwa ndogo ndipo tundu linapokuwa pana. Simu ina f/1.8 au karibu na hapo. Piga hesabu: kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara kumi. Kwa hiyo sensa yako imemzidi mwenzake mara nne na kidogo kwa ukubwa, lakini kupitia ile lenzi inanyimwa mwanga mara kumi. Ukitoa na kujumlisha, simu inapata mwanga mwingi kuliko wewe, karibu mara mbili, na bado haijaanza kuchanganya picha zake.

Ndiyo maana nasema kamera yako haina kosa. Umefunga dirisha, unaulaumu upepo.

Kuna lenzi moja ndogo ya Canon, ya plastiki, nyepesi kama kikombe kitupu: 50mm f/1.8. Hii ya sasa, yenye herufi STM, ilitoka mwaka 2015 na mpaka leo yatumika na kuuzwa. Bei yake ukiiweka kando ya hizo simu utaona aibu kuulizia. Ukiifunga kwenye 700D, mambo yanageuka. Sasa ni wewe unayepata mwanga zaidi ya mara nne kuliko simu. Ina ubaya wake, usije ukanilaani. Haivuti wala haisogezi, na kwenye kamera ya aina yako inaona karibu, kama lenzi ya milimita 80. Chumba cha hina chenye wanawake thelathini na magodoro, utarudi nyuma mpaka ugonge kabati. Ya 18-55 usiitupe, ndiyo ya picha za kundi. Halafu kwa f/1.8 sehemu inayokaa wazi ni nyembamba sana: ukilenga pua, macho yamefifia. Lenga jicho lililo karibu nawe. Wakiwa wawili bega kwa bega, funga tundu kidogo hadi f/2.8 au f/4.

Niliwahi kufanya jaribio langu, kwa ukaidi tu. Mpwa wangu alikuja na S25 Ultra akijisifu nayo, nikamwambia iweke mezani. Jirani yangu alikuwa ametunga kikuba cha asmini na mrehani, tukakiweka juu ya kanga chini ya balbu moja. Yeye na simu, mimi na kamera ya zamani kama yako na lenzi hiyo ya 50. Kwenye kioo cha simu, picha yake ilishinda, nasema kweli. Inang'aa, safi, yapendeza. Tukazichapa zote mbili kwa saizi ya ukurasa mkubwa wa albamu. Kwenye karatasi, asmini za simu ziligandana kama wali uliotiwa maji mengi, kila chembe imelainishwa na kutiwa ukingo wa wino. Za kamera zilikuwa na chengachenga, sikatai, lakini kila ua lilisimama peke yake, na uzi uliopita katikati ya maua ulionekana. Mpwa wangu akasema karatasi haina maana siku hizi. Huenda. Lakini wewe wateja wako wanataka albamu, ile inayofungwa kabatini na kutolewa wageni wa kike wakija.

Tena angalia ile modi ya simu ya kufifisha nyuma. Huko kufifia hakutoki kwenye lenzi. Simu inakisia wapi mtu anaishia, kisha inapaka. Mtu wa kichwa kipara inampatia vizuri sana. Bibi harusi mwenye shela la wavu, vipuli, asmini kwenye nywele na pini za dhahabu, inakata ncha za maua na kuacha vipande vya ukuta vimeganda baina ya nywele. Na ikishaanza kulainisha ngozi, piko iliyochorwa kwa saa nzima inapoteza ukingo. Mchoraji hina akiiona hiyo picha atakasirika kuliko bibi harusi.

Umeniuliza ipi bora kati ya simu. Nitajibu, ingawa sitaki uinunue. Kwa video, iPhone: 16 Pro inarekodi 4K hadi picha 120 kwa sekunde, na ukitembea nayo picha haitikisiki ovyo. 700D yako mwisho wake ni 1080 kwa picha 30, na ukiishika mkononi inatikisika kama matatu ya Kongowea. Hapo kamera yako imeshindwa, hakuna ubishi. Kwa kuvuta mbali, Samsung: S25 Ultra ina lenzi mbili za kuvuta, mara 3 na mara 5, hiyo ya mara 5 ikiwa ya megapikseli 50, na iPhone 16 Pro Max ina moja ya mara 5, megapikseli 12. Kwa rangi za ngozi zetu mimi huipenda Pixel. Google walianza kulishughulikia jambo hilo waziwazi na Pixel 6 mwaka 2021, na inaonekana. Megapikseli 200 za Samsung zisikutoe macho. Usiku hukusanya vitone kumi na sita kuwa kimoja, unabaki na picha ya megapikseli 12 kama za jirani zake. Na hizo lenzi za kuvuta zimekaa juu ya sensa ndogo zaidi, ya iPhone 16 Pro Max haifiki hata punje ya mbaazi. Ukumbi ukiwa na giza, ukibonyeza mara 5 simu mara nyingi haiitumii lenzi hiyo kabisa. Huchukua picha ya lenzi kuu na kuikatakata, na wewe wadhani umesogea.

Wanaolinganisha simu hizi hubishana juu ya tofauti ambazo hata bibi harusi mwenyewe hazioni. Na zinazeeka upesi. Hiyo 16 Pro Max ilitoka 2024, Septemba 2025 ikaja 17 Pro na lenzi nyengine ya kuvuta, na thamani ya yako ikashuka ungali unalipa chama.

Sasa mlango.

Miaka ya 1980 nilipokuwa na studio, harusi za kina mama alikuwa akizipiga marehemu mke wangu. Mimi nilimfundisha kuweka filamu na kusoma mwanga, basi. Akirudi usiku na roli zake, aliingia nazo chumba cha giza peke yake, akaweka komeo. Mimi nilikaa nje na kiti. Akitaka maji ya dawa ninampitishia ndoo mlangoni, naye anafungua kiasi cha ndoo kupita. Aliosha mwenyewe, akachapa mwenyewe, akakausha, akatia bahashani na gundi juu, pamoja na filamu zake. Miaka kumi na tisa nyumba moja na mke wangu, sijawahi kuiona hata picha moja ya kupamba. Watu walikuwa na studio nzuri kuliko yetu hapa mjini, zenye mapazia ya kizungu na taa kubwa. Kina mama walikuja kwetu kwa sababu ya lile komeo.

Wanawake wa mlangoni wanakuachia kamera kwa sababu kila mtu anajua inavyofanya kazi. Picha ziko kwenye kadi, kadi iko kwenye kamera, kamera iko shingoni mwako. 700D haina hata Wi-Fi. Kwa kakako huo ni upungufu. Kwa mama mwenye binti juu ya jukwaa bila buibui, huo ndio usalama wenyewe. Simu ikipiga tu, picha inaweza kuwa imeshapanda kwenye hifadhi ya mtandao kabla hujairudisha mfukoni, na wewe hukukusudia. Hao huwazoeshi, mwanangu, na usijaribu.

Ndiyo maana nilipofika kwenye barua yako pale "kompyuta ya jirani, pamoja na zile za kupamba", nilishika kichwa. Jirani yule simjui, huenda ni mtu wa swala tano. Lakini picha ulizozifungua kwake, ulizifuta? Na kopo la taka la kompyuta, ulilimwaga? Hilo likijulikana Majengo hakuna lenzi itakayokuokoa. Nenda leo ukazifute. Nayo Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu: sura ya mtu ni yake, na kuiweka kwenye ukurasa wako wa biashara bila idhini yake ni makosa, hata kama amefunika kichwa.

Kwa hiyo hiyo laki na sitini igawe hivi. Kwanza kompyuta ya mkononi, iliyotumika haidhuru, iwe yako peke yako na nywila yako. Pili lenzi ya 50. Tatu flashi ya kuweka juu ya kamera, ile ambayo kichwa chake kinageuka, uielekeze dari nyeupe na mwanga ushuke taratibu. Ukikuta ukumbi umetandwa vitambaa vya zambarau juu, usiielekeze huko, nyuso zitatoka zambarau. Nne, kadi mbili tatu za kiasi badala ya moja kubwa, maana kamera yako ina nafasi ya kadi moja tu. Badilisha katikati ya sherehe, na usifute kadi mpaka picha ziwe zimekaa mahali pawili. Na tano, kitu cha shilingi chache kinachoitwa kisoma kadi, cha kuchomeka kwenye tundu la chaji la hiyo simu yako ya sasa.

Hicho cha tano ndicho jibu la Dubai. Picha za nje, zile za kujisitiri, zikishapigwa, kaa kwenye ngazi za nyumba ya harusi, chomeka kadi, chagua kumi na tano tu, zing'arishe kwa Snapseed, ambayo ni ya bure, na uzitume kabla ya isha. Zitume kama faili, maana ukizituma kama picha za kawaida WhatsApp huzikamua. Zile nyengine zifuate wiki hiyo hiyo. Za kupamba zisiguse simu kabisa. Hizo ni kadi, kompyuta yako, kisha flashi diski mkononi mwa bibi harusi mwenyewe, ndani ya siku tatu.

Pesa itakayobaki iache kwenye chama. Wateja wa mchana wakianza kudai video fupi, wakati huo nenda kwa kakako akutafutie simu kubwa ya miaka miwili nyuma, na uinunue kwake kwa moyo mmoja. Kamera mpya isiyo na kioo itakuja siku yake. Ukibaki na Canon, lenzi hiyo ya 50 itahamia nayo kwa kipete cha kuunganishia, hutakuwa umepoteza.

Halafu kuna adui ambaye kakako hamjui kwa kuwa simu zimezibwa. Hewa yetu ya chumvi na unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na kuvu ikishakula kioo hakuna fundi. Usiifungie kamera ndani ya mkoba wa ngozi kabatini. Nunua kopo la plastiki la kukaza, tia vile vifuko vya kunyonya unyevu, vibadilishe vikishiba. Na ukitoka chumba chenye baridi ya AC kwenda uani, iache kamera mkobani robo saa ipate joto kwanza, la sivyo lenzi itatoka jasho palepale bibi harusi anapotoka.

Lenzi ikifika, tunga kikuba, kiweke mezani usiku chini ya balbu moja, piga kwa f/2.8, unitumie nione. Kama faili.

Mzee wa Studio